Hunterian Museum ya London: nendeni, na mbele ya ile picha ya Reynolds msipite haraka

Nianze na jibu, maana wengi mnasoma mkiwa kwenye basi: nendeni. Hunterian Museum ni makumbusho ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza. Iko Lincoln's Inn Fields, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Holborn, na kuingia ni bure. Kwa mtu wa afya anayepita London, awe muuguzi, tabibu, mwanafunzi wa udaktari au fundi wa maabara, sijaona mahali pengine pa kujifunza mengi namna hii bila kutoa hata senti. Wasio wa fani yetu nao watafaidi, mradi wajue mapema kinachowangoja: viungo vya watu na vya wanyama ndani ya chupa za kioo, zaidi ya elfu mbili.

Mimi ni muuguzi wa thieta. Uuguzi nilisomea nyumbani Kilimanjaro, na sasa niko hospitali moja hapa London. Kazi yangu ni kusimama upande wa pili wa meza na kumpa daktari kifaa kabla hajakiomba. Pale nimeshakwenda zaidi ya mara moja, na safari ya karibuni nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Yuko mwaka wa tatu wa udaktari. Yeye alitaka uwanja wa Arsenal, mimi nikataka aone chupa za Hunter. Tulienda kote kuwili.

Mwenye makusanyo haya ni John Hunter, daktari wa upasuaji wa karne ya 18. Alizaliwa mwaka 1728 Long Calderwood, Scotland, kitinda mimba katika nyumba ya watoto kumi. Shule hakuipenda hata kidogo. Alipofika miaka 20 alimfuata kaka yake William London, aliyekuwa na shule ya anatomia Covent Garden, akawa anamtayarishia maiti za kufundishia. Alifanya hivyo msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi, zaidi ya kumi. Msimu wa baridi, kwa sababu kabla ya friji maiti haikai wakati wa joto. Fikirieni mikono ya mtu aliyepasua miili kwa miaka yote hiyo kabla ya kuwa na jina lolote mjini.

Na zama zenyewe zilikuwa ngumu. Madaktari wa upasuaji wa London walikuwa wamejitenga na chama cha vinyozi mwaka 1745 tu, miaka mitatu kabla Hunter hajafika. Nusu kaputi haikuwepo. Etha ilikuja mwaka 1846. Kuua vijidudu hakukujulikana. Joseph Lister alianza kutumia asidi ya kaboliki miaka ya 1860. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, akakatwa akiwa macho. Daktari aliyesifiwa ni yule mwenye mkono wa haraka.

Hunter akaja na swali ambalo kwangu ndilo urithi wake wote: je, kukata huku kunamsaidia mgonjwa, au tunakata kwa sababu tumezoea? Mwaka 1761 alikuwa daktari wa jeshi katika vita vya kisiwa cha Belle Île, Ufaransa. Desturi ilikuwa kulipanua jeraha la risasi kwa kisu, kuingiza vidole na kuitafuta risasi. Akaona askari waliopigwa risasi, wakajificha siku kadhaa bila daktari yeyote kuwagusa, na vidonda vyao vikaendelea vizuri kuliko vya wenzao waliotibiwa. Sisi leo tunajua sababu: vidole vichafu ndani ya kidonda. Yeye hakuijua, lakini aliamini macho yake kuliko vitabu, akasema jeraha la namna ile lisipanuliwe bila sababu. Kitabu chake kuhusu damu, uvimbe na majeraha ya risasi kilitoka mwaka 1794, yeye akiwa ameshafariki.

Sasa niwapeleke kwenye kile nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote.

Nyuma ya goti kuna mshipa mkubwa wa ateri. Wakati ule madereva wa magari ya farasi London walikuwa wakiugua sana pale: ukuta wa mshipa unalegea, unatanuka, uvimbe unapigapiga kila moyo unapopiga, na ukipasuka mtu anamalizika kwa dakika chache. Tiba ilikuwa mbili. Ukate mguu, au uufungue uvimbe wenyewe na kuufunga mshipa hapo hapo, mahali ambapo ukuta wake umeshaoza na uzi haushiki. Wengi walikufa kwa vyote viwili.

Mwezi Desemba 1785, katika hospitali ya St George's, Hunter alimpasua dereva mmoja wa gari la farasi, wa miaka 45. Uvimbe hakuugusa. Alikata ndani ya paja, juu kabisa ya ugonjwa, akaufikia mshipa ukiwa bado mzima, akapitisha nyuzi na kuufunga sehemu nne bila kukaza sana, akaacha ncha za nyuzi zitokeze nje ya kidonda. Mpwa wangu aliuliza swali ambalo kila mwanafunzi mzuri angeuliza: "Shangazi, mguu haukufa? Amefunga ateri kuu!" Jibu liko kwenye vielelezo vyenyewe. Barabara kuu ikifungwa, magari hutafuta michepuko. Na mwilini vivyo hivyo, mishipa midogo ya pembeni hutanuka kidogo kidogo mpaka inabeba damu ya kutosha. Husimuliwa kwamba Hunter alishaliona hilo kwa paa dume wa Richmond Park: alimfunga mshipa wa shingoni, pembe ya upande ule ikapoa, na baada ya siku chache ikawa na joto tena. Yule dereva alitoka hospitali baada ya wiki kama sita, akarudi kwenye gari lake. Alifariki mwaka 1787 kwa homa, si kwa mguu, na Hunter akaupata mguu ule ili aone ndani kilichotokea. Mgonjwa wake wa nne wa upasuaji huo aliishi miaka 50 zaidi.

Ile njia ndani ya paja ambamo mshipa unapita, wanafunzi wa anatomia hadi leo huiita mfereji wa Hunter. Mpwa wangu alikuwa amelikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani. Pale alikaa kimya, akashika paja lake mwenyewe kwa kidole gumba, akiufuata mshipa kutoka kinena kushuka chini. Nikajua safari imelipa.

Kuna vitu vingine nitavipitia haraka. Kichwa cha jogoo kilichokatwa katikati, na ndani ya kishungi chake kuna jino la binadamu: Hunter alilipandikiza akitaka kujua kama kiungo cha mmoja kinaweza kuota kwa mwingine. Majaribio yake ya meno yalikuwa na upande mbaya sana. Matajiri wa London walinunua meno ya maskini, yaking'olewa mbele yao na kupachikwa kwenye fizi zao yakiwa bado ya moto, na kazi ya Hunter iliupa mtindo huo nguvu. Meno hayo hayakudumu, na wengine waliambukizwa magonjwa. Halafu kuna mbao nne za Evelyn, yaani John Evelyn, Mwingereza aliyezinunua, zilizotengenezwa Padua, Italia, karne ya 17: mishipa ya damu na ya fahamu ya mtu imetolewa mwilini, ikatandazwa na kugandishwa juu ya ubao, kichwa mpaka miguu. Zilikuwepo karne nzima kabla ya Hunter, lakini simameni mbele yake. Kwa mtu aliyejifunza mishipa kwa michoro ya rangi nyekundu na bluu, kuiona yenyewe, ya kahawia na myembamba, ni elimu nyingine kabisa.

Makosa yake nayo yapo, na mwanafunzi ayajue. Mwaka 1767 Hunter alichukua usaha wa mtu mwenye kisonono akauingiza kwa mtu mwingine. Wapo wanaoamini ni kwake mwenyewe. Aliyeingizwa akapata dalili za kaswende. Hunter akaamua kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja, hakufikiria kwamba yule wa kwanza huenda alikuwa na yote mawili. Kosa hilo, kwa sababu ya ukubwa wa jina lake, lilishikiliwa mpaka miaka ya 1830, Philippe Ricord wa Paris alipolifuta. Mgonjwa mmoja, hitimisho moja. Nilimwambia mpwa wangu alibebe hilo arudi nalo Moshi.

Lakini tazameni na mwanafunzi aliyemlea. Edward Jenner alikaa nyumbani kwa Hunter kama mwanafunzi kuanzia mwaka 1770, kisha akarudi kijijini kwao. Waliandikiana barua miaka mingi, na katika barua ya mwaka 1775 Hunter alimuuliza kwa nini anakaa kuwaza badala ya kujaribu. Mwaka 1796 Jenner alijaribu: alimchanja mtoto kwa ndui ya ng'ombe. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Akapona. Merca ni pwani yetu hii hii ya Bahari ya Hindi. Wazazi wetu wana alama ya chanjo begani, na mnyororo ulioifikisha pale unapita katika nyumba ya Hunter.

Kuna mtu mmoja ninayetamani wageni wote wamfahamu, naye si daktari maarufu: William Clift. Alifika kwa Hunter mwaka 1792, kijana maskini kutoka Cornwall mwenye mkono mzuri wa kuchora. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba 1793, Hunter alikasirika kwenye kikao cha hospitali ya St George's, akatoka chumbani, akaanguka akafa. Maumivu ya moyo alikuwa nayo miaka mingi, na alikuwa akisema maisha yake yako mikononi mwa yeyote atakayemuudhi. Aliacha madeni. Kwa miaka sita, mpaka serikali ilipoyanunua makusanyo kwa pauni 15,000 mwaka 1799, Clift aliyalinda kwa mshahara mdogo mno: kuongeza pombe kali ndani ya chupa, kufuta vumbi, kufukuza panya na nondo, huku akinakili maandishi ya bosi wake usiku. Baadaye shemeji yake Hunter, Everard Home, aliyekuwa ameyachukua maandishi ya asili, aliyachoma moto mwaka 1823. Kilichobaki cha mawazo ya Hunter, sehemu kubwa ni kile alichonakili Clift. Halafu mwezi Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yakaharibu sehemu kubwa ya makusanyo. Kwa hiyo kila chupa unayoiona pale imenusurika mara nyingi, na mara ya kwanza ilinusurishwa na mtu wa kazi za chini. Nani asiyewajua watu hao hospitalini kwetu, wanaojua kila kitu kiko wapi na majina yao hayaandikwi popote?

Sasa picha. Makumbusho yalifungwa mwaka 2017 kwa ujenzi, yakafunguliwa tena Mei 2023. Kabla ya hapo kitu kilichowavuta watu kilikuwa kiunzi cha mifupa cha Charles Byrne, mita 2.31, aliyeitwa Jitu la Ireland. Sasa mahali pake imetundikwa picha ya Hunter iliyochorwa na Joshua Reynolds. Hunter amekaa, kalamu mkononi, macho yanatazama juu, mbali. Inueni macho kwenye kona ya juu ya picha: miguu miwili ya mifupa imening'inia, imekatwa na fremu. Ni miguu ya Byrne.

Byrne alifika London mwaka 1782, akawa anajionyesha kwa watu kwa kulipwa. Mwaka uliofuata alifariki akiwa na miaka 22. Alijua madaktari wanamsubiri. Alijua hasa Hunter anamsubiri. Aliwaomba rafiki zake wamzike baharini, mahali ambapo kisu hakifiki. Njiani kuelekea pwani ya Margate mwili uliuzwa, na inasemwa Hunter alilipa pauni 500. Kilichozamishwa baharini kilikuwa jeneza lisilo na mtu. Mwili ukachemshwa, mifupa ikaunganishwa, na miaka michache baadaye Hunter akaiweka hadharani. Ilisimama hivyo zaidi ya miaka mia mbili.

Sikatai kwamba mifupa ile imesaidia watu. Mwaka 1909 Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliomba fuvu lifunguliwe, akaona kitako cha tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kimepanuka, yaani uvimbe kwenye tezi ndio uliomrefusha. Mwaka 2011 watafiti walitoa vinasaba kwenye meno yake, wakakuta hitilafu ile ile iliyomo katika familia za Ireland ya Kaskazini leo, na familia hizo sasa zinaweza kupimwa na kutibiwa mapema. Hilo ni jambo kubwa. Lakini vinasaba vimeshasomwa na vipimo vimeshaandikwa. Chuo kimeiondoa mifupa machoni pa watu na kuibakiza stoo kwa ajili ya utafiti. Kuiondoa ni hatua ya heshima na nawashukuru kwa hilo. Haitoshi. Alichoomba Byrne hakikuwa kufichwa kabatini.

Kila asubuhi, kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi, namuuliza jina lake, anafanyiwa nini leo, na kama sahihi kwenye fomu ya ridhaa ni yake. Akisema hapana, tunasimama. Daktari bingwa awe nani, tunasimama. Byrne alisema hapana akiwa na akili zake timamu, mbele ya mashahidi.

Na mimi ni mtu wa Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wetu Wachagga wa Moshi, pamoja na viongozi wenzake, na wazee wetu hutuambia kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Bado kinatafutwa. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai Tanzania wa watu watatu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi zile. Hunter hakuwa mkoloni wa Kilimanjaro, na sichanganyi mambo. Ila kwetu tunajua maana ya ukoo kukaa vizazi vitatu, vinne, ukiwa na mtu wake ambaye hajazikwa. Mpwa wangu alipoiona ile miguu kwenye kona ya picha hakuhitaji maelezo yangu.

Hunter mwenyewe alizikwa St Martin-in-the-Fields. Mwaka 1859 daktari mmoja wa upasuaji, Frank Buckland, alikaa siku nyingi kwenye pango la makaburi la kanisa lile akihamisha jeneza baada ya jeneza mpaka akalipata lake, na mabaki yakapelekwa Westminster Abbey kwa heshima zote. Amezikwa mara mbili. Nafikiri anastahili; wagonjwa wangu wanafaidi kazi yake kila wiki. Byrne azikwe mara moja, baharini, Margate.

Nawapa nyota nne. Ya tano itapatikana meli ya kumzika Byrne ikitoka bandarini.

Ya kuzingatia kabla ya kwenda: wanafungua Jumanne hadi Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, na ni vizuri kuweka nafasi mapema kwenye tovuti yao. Makumbusho sasa yako chini, mzee mwenye fimbo ataingia bila shida. Tengeni saa mbili. Mtu wa fani atataka tatu. Vyumba vinafuata historia, kuanzia zama kabla ya Hunter hadi upasuaji wa leo, na vya mwishoni mnaweza kupita kwa kasi kama mmeshachoka. Watoto wadogo nisingewapeleka. Na dada zangu, mjue kuna vijusi ndani ya chupa. Kama umepoteza mimba hivi karibuni, mtangulize mwenzio akuangalizie, au uende mwaka mwingine, chupa zitakuwepo.